Sauti Inayoitikia Luhanga

Mjomba wangu Gervas, mdogo wake mama, aliongoza wageni kwenye milima ya Uluguru kwa miaka mingi kabla ya mambo haya. Aliishi Ng'onde, kitongoji kilicho juu ya Kinole, mahali ambapo pikipiki haifiki. Kila asubuhi alitoka uani, akautazama mlima, akashika simu na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la waongoza wageni. Alieleza njia ipi imekauka, ipi ina utelezi, mto upi umejaa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, na kila mtu kundini aliijua. Watu walipanga safari kwa kuisikiliza.

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, naishi Morogoro mjini. Ninayoyaeleza hapa mengine niliyaona mwenyewe. Mengine nilielezwa na waliokuwepo, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yalikubaliana.

Mwezi wa tano, masika yakiwa ukingoni, ni wakati mbaya Uluguru, ingawa mgeni hawezi kuujua kwa macho. Mvua kubwa zimepita na jua linatoka. Juu ya ardhi panakauka. Chini, udongo umeshiba maji ya msimu mzima, na pale unapokutana na mwamba umekuwa kama uji. Mteremko unaweza kukaa hivyo siku nyingi bila kutikisika, halafu ukaachia asubuhi ya jua, bila tone la mvua. Ndiyo maana wenyeji hawatazami mawingu kipindi hicho. Wanatafuta nyufa. Ufa katikati ya migomba, mti ulioinama tangu jana, maji yanayotoka mahali pasipokuwa na chemchemi.

Kati ya Ng'onde na Kinole kuna mteremko unaoitwa Luhanga, na Luhanga una taratibu zake mbili. Ya kwanza ni tawi. Mtu akiona ufa juu ya njia, anakata tawi lenye majani mabichi na kulilaza katikati ya njia. Hakuna anayelivuka, na hakuna anayeliondoa isipokuwa aliyeliweka. Ya pili ni kuitana. Ukungu hushuka pale hata asubuhi ya jua, na njia ni ya mtu mmoja. Anayefika ukingoni huuliza kwa sauti, "Njia ipo?" Aliyekwishavuka, kama bado yuko ng'ambo, hujibu, "Ipo, pita." Asipojibiwa, muulizaji anatua mzigo na kukaa chini. Kimya maana yake subiri. Watoto wa Ng'onde wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio Kinole. Gervas alikuwa amelaza wageni wawili nyumbani kwake, Joyce na Jastin, wafanyakazi wa ofisi kutoka Dar es Salaam waliokuja kuogelea kwenye maporomoko ya maji. Walitakiwa kuwahi gari la kwenda Mikese. Jana yake Gervas alikuwa ametuma ujumbe kundini: Luhanga safi, mvua zimekatika, leteni wageni.

Walipofika ukingoni walikuta tawi la mfenesi limelazwa njiani. Majani yalikuwa bado na umande.

"Hili la nini?" Joyce aliuliza.

"La mbuzi," Gervas alisema. "Wanazuia mbuzi wasiingie mashambani."

"Mbuzi wenu wana adabu," Jastin akasema. "Wa Kimara wangelila kwanza, ndiyo wapite."

Wakacheka. Gervas naye alicheka. Akalishika tawi kwa shina na kulitupa bondeni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Alisema kuna njia nyingine, ya kuzungukia juu, lakini wangechelewa gari. Kisha akasema sababu ya kweli. "Nilishasema Luhanga safi. Ningewarudisha, ningewaambia nini wenzangu kundini?"

Walivuka mmoja mmoja. Joyce aliniambia ardhi ilikuwa laini, kama kukanyaga godoro. Walipofika ng'ambo ukungu ukashuka, wakasimama kumsubiri Jastin afunge kamba za viatu.

Hapo ndipo waliposikia sauti ya mwanamke nyuma yao.

"Kaka Gervas? Njia ipo?"

Alikuwa Asia, mjane wa Ng'onde, anayeuza machungwa gulioni. Wageni hawakumwona. Gervas hakuhitaji kumwona. Alikaa kimya, na kimya kile kilikuwa jibu sahihi. Asia angetua tenga lake na kusubiri.

"Kuna mtu anakuita," Joyce akasema.

"Kaka Gervas, njia ipo?"

"Si umjibu," Jastin akasema. "Mbona humjibu mama wa watu?"

Gervas aliwatazama. Kama angekaa kimya, wangemuuliza sababu. Angewaeleza maana ya kimya, kisha angelazimika kueleza na maana ya tawi.

"Ipo," akasema. "Pita."

Joyce aliniambia hakukuwa na kishindo mwanzoni. Ilikuwa sauti ya mizizi inayokatika, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anachana kitambaa. Halafu ardhi ikaondoka. Ukungu ulipopanda, mahali pa njia palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, na chini kabisa, karibu na mto, machungwa yalikuwa yametapakaa. Yalikaa pale mpaka yakaoza. Hakuna mtoto aliyeyaokota.

Walichimba siku kadhaa. Walipata kanga moja na ngata ya kubebea mzigo. Mwili haukupatikana. Ikasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, na watu wakakaa matanga.

Mimi nilipanda siku ya tatu ya matanga, nikakaa mkekani pamoja na mjomba. Watani walikuwepo, kama ilivyo desturi, na Bonifasi, mtani wa ukoo wa Asia, ndiye aliyekuwa akiongoza maneno.

"Asia na soko," alisema, akiwa amejifunga kanga ya marehemu kiunoni. "Huko aliko ameshawauliza malaika bei ya machungwa. Wakimpunja atarudi."

Watu wakacheka. Hata Nasra, binti yake wa pekee, alitabasamu.

"Ila haraka, jamani. Haraka ile. Mtu analiona tawi la mfenesi anadhani ni fagio."

Kicheko kikaisha. Bonifasi mwenyewe alionekana kujuta mara neno lilipomtoka, kwa sababu hilo halikuwa utani. Ndilo watu walilokuwa wakilisema majumbani. Mzee Mwinjuma, mwenye shamba la juu ya Luhanga, alikuwa ameshaeleza kwamba tawi aliliweka mwenyewe alfajiri, baada ya kuona ufa kwenye migomba yake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtilia shaka, na Gervas watu walidhani alizungukia juu na wageni wake. Ikabaki kwamba Asia alilivuka. Na anayevuka tawi Ng'onde, watu huhesabu kwamba amejiua. Ndiyo maana mkeka wa wanawake siku ile ulikuwa na nafasi nyingi wazi.

"Mama hakuwa mtu wa kuvuka tawi," Nasra alisema.

Aliwatazama watu mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Gervas, mjomba alikuwa ameinamia sahani yake ya pilau. Alikula mpaka akaimaliza. Nilidhani ni njaa.

Wiki chache baadaye mjomba alikuja kwangu mjini. Kifua kilikuwa kinambana, akaenda hospitali, wakamwambia hana kitu. Alilala kwangu siku mbili. Aliporejea Ng'onde nilimsindikiza, na pale Kinole tulikutana na Halidi, kijana wa bodaboda ambaye wazazi wake wanaishi juu.

"Shikamoo mzee," Halidi alisema. "Mimi nawe tuna kesi."

"Marahaba. Kesi gani?"

"Ya jana, Luhanga. Ukungu mpaka puani. Nikauliza njia, ukanijibu ipo, pita. Nikapita. Mguu mmoja njiani, mwingine hewani. Kama si mzizi ningekuwa nakula machungwa na bi Asia."

Gervas aliinamisha uso.

"Halafu unasema ipo," Halidi aliendelea, akicheka. "Njia ya kwenda wapi, mzee? Kwa babu zangu?"

"Jana hakuwepo," nikamwambia. "Jana alikuwa sebuleni kwangu Morogoro."

Halidi aliendelea kucheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha akamtazama mjomba usoni, akawasha pikipiki na kuondoka bila kuaga.

Baada ya ardhi kuachia, watu walikuwa wamechonga njia mpya juu zaidi, kwenye mwamba. Lakini njia ya zamani bado ilionekana upande wa Ng'onde. Ilikwenda hatua chache kwenye majani, kisha ikakatika ghafla juu ya genge. Kwenye ukungu mtu angeweza kukosea kwa urahisi, hasa akisikia jibu kutoka mbele. Na jibu lilisikika. Walilisikia wachuma karafuu. Alilisikia mwalimu aliyekuwa akitoka likizo. Wote walisema ni sauti ya Gervas. Wawili walisema ni nzito kuliko kawaida, kama inatoka chini ya kitu.

Mjomba aliacha kutuma ujumbe kundini. Aliacha kuimba kanisani. Alianza kuongea kwa kunong'ona, hata akiwa uani kwake mchana.

Mkewe, Scholastika, alinipigia simu. Alisema asubuhi ile walikuwa wamekaa jikoni, mlango wazi, ukungu umefunika mlima. Akasikia kutoka juu: Ipo, pita. Akageuka kumuuliza mumewe kama amesikia. Gervas alikuwa mbele yake. Mdomo wake ulikuwa umejaa muhogo.

Wakati huo nilikuwa natayarisha kipindi kuhusu miteremko inayoachia mwishoni mwa masika. Nilimpigia Joyce ili anieleze alichokiona. Alieleza vizuri, kwa utaratibu. Mwishoni akauliza kitu.

"Na yule mama aliyeuliza njia? Walimpata?"

"Aliuliza?"

"Mara mbili. Mjomba wako akamwambia apite." Akasita. "Alijuaje kwamba haitaporomoka? Au ndiyo mazoea ya huko?"

Nilimuuliza kuhusu tawi. Akaniambia habari ya mbuzi.

Kesho yake nilipanda Ng'onde. Nilimkuta mjomba amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, mgongo wake kwa mlima. Nilimwamkia, akaniitikia kwa kunong'ona. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kuanza niliposikia hodi.

Alikuwa Nasra. Alikuwa na matope mpaka mapajani na kiganja kimoja kilikuwa kinatoka damu. Tangu mama yake afe alikuwa ameshika biashara ya machungwa, na siku ile ilikuwa ya gulio.

"Shikamoo, baba," alimwambia Gervas.

"Marahaba."

"Umetoka Luhanga sasa hivi?"

"Sijatoka hapa."

Scholastika alikuja na maji ya kunawa. Nasra hakuyagusa. Alieleza polepole, kama mtu aliyekuwa akijirudia maneno njia nzima ili asisahau.

"Nimefika ukingoni. Ukungu. Nikauliza njia. Kimya. Nikatua tenga, nikakaa. Nikauliza tena. Ukajibu."

"Si mimi," Gervas alisema.

"Ni wewe. Ukasema ipo, pita. Nikasimama, nikaenda, ardhi ikakatika. Nimejishika kwenye majani." Alikitazama kiganja chake. "Lakini kabla hujajibu kulikuwa na mtu pembeni yako. Mwanamume. Wa mjini. Nimemsikia."

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, si umjibu. Mbona humjibu mama wa watu."

Scholastika alimgeukia mumewe. Maneno yale, kama nilivyokuja kuthibitisha, hakuna aliyeyajua zaidi ya watu watatu. Wawili walikuwa Dar es Salaam. Hata mimi, Joyce hakuwa amenitajia alichosema Jastin.

Gervas alijishika magoti. Akaanza kusema. Alisema yote, tangu ujumbe wa kundini mpaka mizizi ilipoanza kukatika. Hakujitetea. Ilimchukua muda mfupi kuliko nilivyodhani.

"Kwa hiyo mama hakuvuka tawi," Nasra alisema.

"Hakulikuta."

"Na alisubiri. Uliponyamaza, alisubiri."

"Alisubiri."

"Ukaja matangani kwetu. Ukala pilau."

"Nilikula."

Nasra alifuta damu kwenye kanga yake. "Watu wanapita mlangoni kwangu bila kuniamkia," alisema. "Kaka Bonifasi hajanitania tena mpaka leo. Haya. Simama, baba. Utawaambia wao, halafu utamwambia yeye."

Kila ua tulioupita, Nasra alisimama na kupiga hodi, na Gervas akasema. Alisema kwa kunong'ona, watu wakasogea ili wasikie. Hakuna aliyemtukana. Wengine walishika njia nyuma yetu. Mzee Mwinjuma aliposikia habari ya tawi lake, alikaa chini kwanza. Halafu akachukua fimbo yake, akatufuata.

Tulipita njia ya juu, kwenye mwamba, tukatokea upande wa Kinole, mahali Gervas alipokuwa amesimama siku ile. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Upande wa mji kulikuwa na jua. Luhanga yenyewe ilikuwa nyeupe. Usingeona mkono wako ukiunyoosha.

"Ita," Nasra akasema.

Gervas alikohoa. Kwa wiki nyingi hakuwa amepaza sauti.

"Asia," aliita. "Njia haipo. Nilikudanganya. Usipite."

Kimya.

"Asia. Mimi Gervas. Tawi nililitupa mimi. Njia haipo."

Ukungu haukusogea. Ndege walikuwa wameacha kulia, ingawa sikumbuki waliacha lini. Nyuma yangu mtu alianza kusoma dua, akakatiza.

Sauti ikaja.

Haikutoka ng'ambo. Ilitoka mbele yetu. Karibu. Usawa wetu, pale ambapo hapakuwa na ardhi ya kusimama.

"Kaka Gervas."

Nasra alinishika mkono. Kucha zake ziliingia.

"Nimeshafika katikati," sauti ilisema.

Ilikuwa sauti ya mtu anayehema. Mtu mwenye mzigo kichwani, anayejizuia asigeuze shingo.

"Nirudi au nije?"

Hakuna aliyesogea. Gervas alifungua mdomo. Akaufunga. Aligeuka kumtazama Nasra, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba asaidiwe mtihani.

"Mwambie aje," Nasra alinong'ona.

Mzee Mwinjuma alimgusa bega. "Aje vipi, binti?" alinong'ona naye. "Aje hali gani?"

Nasra alitaka kujibu. Nilimwona. Kisha nadhani alifikiria kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa anakifikiria, masika yaliyopita na udongo ule wote, na akafunga macho.

"Basi arudi," mtu mmoja alisema nyuma.

"Wapi?" Mwinjuma aliuliza. "Kule pamekatika."

"Kaka Gervas." Sauti ilikuwa na subira. Haikuwa na hasira, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. "Nirudi au nije?"

Gervas alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Aliibana. Nilidhani anazuia kulia. Baadaye alisema aliogopa kwamba neno litatoka lenyewe, lile lile.

Tulisimama hivyo mpaka ukungu ulipoanza kupanda, taratibu, kutoka chini. Tuliona mto. Tuliona ukuta wa udongo mwekundu. Tuliona genge la ng'ambo. Katikati hapakuwa na kitu.

Tangu siku ile hakuna aliyesikia sauti Luhanga. Asia alisomewa hitima upya, na safari hii mkeka wa wanawake ulijaa mpaka wakaazima mikeka ya jirani. Bonifasi alikuja akiwa amebeba mfuko wa machungwa mabovu, akamdai Nasra chenji, na Nasra akamfukuza kwa ufagio. Watu walicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Gervas hakufanywa kitu. Wazee walikaa, wakasema amesema mwenyewe. Hakuongoza tena wageni. Alihamia Mkuyuni na mkewe, akakodi chumba ambacho dirisha lake linatazama barabara ya Matombo. Scholastika ananiambia kwamba akimuuliza kama anataka chai au uji, anakaa kimya mpaka vyote viwili vinapoa. Nilimtembelea mara moja, tukakaa kibarazani, nikamuuliza kama analala.

"Kila siku natafuta cha kumwambia," alisema. "Nikisema arudi, namtupa gengeni. Nikisema aje, sijui nitakuwa nimemwita nani. Kwa hiyo nimenyamaza."

Alitazama mikono yake.

"Na yeye anajua maana ya kunyamaza," alisema. "Ni mtu wa Ng'onde."

Nilipita Luhanga tena wakati wa vuli, nikiwa na Nasra, aliyekuwa akishuka gulioni. Hapakuwa na ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na kovu lote lilikuwa limeanza kuota majani na miche ya migomba iliyosombwa. Nasra alisimama kwenye mwamba, upande wa Kinole, akanionyesha kwa kidevu.

Katikati ya kovu, mahali ambapo mtu hawezi kufika bila kamba, juu wala chini, kulikuwa na kipande cha udongo kisichoota jani. Kilikuwa chembamba, cha upana wa mtu mmoja, na urefu wake haukuzidi wa nyumba. Kilikuwa kimekanyagwa mpaka kikawa kigumu na kinang'aa, kama ua unaofagiliwa kila siku. Hakikuanza popote na hakikufika popote.

Nilipiga picha, nikaikuza. Nyayo zilionekana vizuri, za miguu mitupu, visigino vimezama kama vya mtu mwenye mzigo. Zilikwenda upande wa Ng'onde, zikageuka. Zikaja upande wetu. Na huku mwisho, zilipokuwa karibu zaidi nasi, miguu miwili ilikuwa imesimama pamoja, vidole vimetuelekea, na pale ndipo udongo ulipokuwa umezama zaidi ya pengine pote.

"Wiki iliyopita ilikuwa kule," Nasra alisema, akionyesha nyuma kidogo ya miguu ile. Akainua tenga lake, akaweka ngata sawa, akatangulia.